Tiketi ya Mama: Taarifa Zake Zinapita Mikono Mingapi?

Siku tatu baada ya kumkatia mama tiketi ya kuja kunitembelea Birmingham, simu yake ililia Tanga. Aliyepiga alimwita kwa majina yote matatu, kama yalivyo kwenye pasipoti. Alijua tarehe ya safari na saa ambayo ndege ingeondoka Dar es Salaam. Akamwambia kuna ada ya mzigo haijalipwa, atume shilingi 180,000 kwa namba atakayotajiwa, la sivyo kiti chake kitapewa mtu mwingine jioni hiyo hiyo. Mama alishafungua menyu ya kutuma pesa. Kilichomwokoa ni salio. Halikutosha, akanipigia nimwongezee.

Kwa miaka mingi nimekata tiketi za nyumbani mtandaoni, zangu na za ndugu, bila kujiuliza lile jina na ile namba ya pasipoti huenda wapi nikishabonyeza "lipa". Baada ya simu ile nilianza kufuatilia. Nawaandikia wenzangu mlio Uingereza, Ulaya, Marekani na Ghuba, maana sisi ni nadra kukata tiketi ya mtu mmoja. Simu zetu zimebeba pasipoti za ukoo mzima.

Jina linavyosafiri kabla ya msafiri

Tovuti unayonunulia tiketi mara nyingi ni ya wakala, na nyuma yake huenda yuko wakala wa jumla anayemuuzia. Buking huandikwa kwenye mfumo mkubwa wa kompyuta, kama Amadeus yenye makao Madrid au Sabre ya Texas, na mfumo huo ndio unaozungumza na shirika la ndege. Pembeni yuko anayepokea malipo ya kadi. Kabla ndege haijaruka, majina, tarehe za kuzaliwa na namba za pasipoti hupelekwa kwa serikali ya nchi unayokwenda. Hapo huna la kuchagua, ni sharti la kuingia. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2016 kwamba taarifa za buking zitunzwe miaka 5. Mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikabana: abiria asiye na dalili yoyote ya kuhusika na ugaidi au uhalifu mkubwa, taarifa zake zisitunzwe zaidi ya miezi 6.

Kuna taarifa nyingine ambazo tunazitoa bila hata kuhisi kwamba tumetoa kitu. Nilipomkatia mama tiketi nilimwombea chakula cha Kiislamu na kiti cha magurudumu cha kumfikisha mlangoni mwa ndege, kwa sababu magoti yanamsumbua. Kwenye buking maombi hayo huandikwa kwa herufi nne nne: MOML ni chakula cha Kiislamu, WCHR ni kiti cha magurudumu, DBML ni chakula cha mwenye kisukari. Kwa hiyo kila mwenye ruhusa ya kufungua buking ile anajua kwamba huyu mama ni Mwislamu na ana shida ya kutembea. Sheria ya Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018 na ambayo Uingereza imebaki nayo baada ya kujitoa, inazihesabu dini na afya kuwa taarifa zinazohitaji ulinzi wa juu zaidi. Sisemi usimwombee mzazi wako kiti. Mwombee. Ila yaombe hayo kwenye tovuti ya shirika la ndege lenyewe baada ya kupata namba ya buking, yasipitie kwa kila wakala wa katikati.

Namba hiyo ya buking, ile ya herufi na tarakimu sita, ndiyo ninayoiogopa kuliko kitu chochote kwenye tiketi. Kwa mashirika mengi ya ndege, namba hiyo na jina la ukoo vinatosha kufungua safari yote: kuona simu na barua pepe, kubadilisha kiti, pengine hata kufuta safari. Inafanya kazi ya nenosiri lakini imechapishwa kwenye karatasi. Nawaona vijana wetu wakiweka picha ya pasi ya kupandia ndege kwenye stetasi ya WhatsApp, kidole kimefunika jina, msimbopau (barcode) uko wazi. Ule msimbopau ndani yake una jina na namba ya buking, na programu ya bure ya simu inausoma. Ukitaka kuwaaga watu, piga picha bawa la ndege.

Kufuli na anayeshika ufunguo

Alama ya kufuli juu ya skrini inakuhakikishia jambo moja: kati ya simu yako na tovuti hiyo hakuna anayesoma njiani. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti, na tapeli naye hulipata kufuli hilo bila kulipa senti.

Hata wakubwa huvuja. Mwaka 2018 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya British Airways na kunasa kadi wakati watu wakilipa. Wateja zaidi ya 400,000 waliguswa, na Oktoba 2020 mamlaka ya data ya Uingereza, ICO, ikalitoza shirika hilo faini ya pauni milioni 20. Mwezi huo huo kampuni ya hoteli ya Marriott ikatozwa pauni milioni 18.4. Kwenye hoteli za Starwood ambazo Marriott ilizinunua, wezi walikuwa wamekaa ndani ya mfumo tangu mwaka 2014 bila kugunduliwa hadi 2018, na namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilikuwa zimehifadhiwa bila kufungwa kwa msimbo wowote.

Kisa ninachokirudia kila nikizungumza na ndugu, hata hivyo, ni cha Booking.com, tovuti ya kukodi vyumba vya hoteli yenye makao Uholanzi. Mwishoni mwa 2018 matapeli waliwapigia simu wafanyakazi wa hoteli 40 za Falme za Kiarabu na kuwalaghai hadi wakatoa majina na nywila za kuingilia mfumo. Wakapata taarifa za wageni zaidi ya 4,000. Kadi za watu 283 zilionekana, na 97 kati ya hizo pamoja na tarakimu za usalama. Kampuni ilijua tarehe 13 Januari 2019 lakini ikaripoti kwa mamlaka ya Uholanzi tarehe 7 Februari, wakati sheria inatoa saa 72. Kwa kuchelewa huko ikatozwa euro 475,000. Hakuna kufuli lililovunjwa hapo. Mtu alipigiwa simu akaamini, kama mama alivyotaka kuamini.

Ndiyo maana nikaanza kuangalia tabia zetu wenyewe. Wengi tuna wakala wetu, mtu wa nyumbani, anayetupatia bei nzuri kwa WhatsApp. Simlaumu, mimi mwenyewe ninaye na ni mwaminifu. Lakini tunamtumia picha ya ukurasa wa pasipoti wa baba, mama na watoto wanne. Simu yake ikiibiwa Kariakoo au Eastleigh, familia nzima imekwenda nayo. Wakala hahitaji picha. Anachohitaji ili kukata tiketi ni jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, na hivyo unaviandika kwa maneno. Namba ya pasipoti na tarehe ya kuisha uingize mwenyewe kwenye tovuti ya shirika la ndege ukishapata buking. Ikiwa umeshatuma picha, mwombe azifute, nawe zifute kwako, pamoja na nakala zilizojihifadhi kwenye akaunti ya picha ya mtandaoni.

Kuhusu kadi sina maneno mengi. Zile tarakimu tatu za nyuma, kwa kanuni za makampuni ya kadi, muuzaji haruhusiwi kuzihifadhi malipo yakishaidhinishwa. Anayekuomba uzitume kwa ujumbe au uzisome kwa simu, mkatalie hata kama ni binamu yako. Alama ya "hifadhi kadi hii" iondoe. Vidakuzi vya matangazo (cookies), vinavyofuatilia unachotazama mtandaoni, vikatae. Kwa walio Ulaya na Uingereza, tovuti haina haki ya kukuwekea alama ya kukubali kabla hujagusa.

Mtego mwingine ni viza. Watoto wetu waliozaliwa ughaibuni wana pasipoti za Uingereza au Marekani, na wakienda Kenya wanahitaji idhini ya kusafiri ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024. Ukitafuta mtandaoni, majibu ya juu mara nyingi ni matangazo ya tovuti za watu binafsi zinazofanana na za serikali. Zinatoza zaidi, na kibaya zaidi zinabaki na picha ya mtoto na pasipoti yake. Anwani ya Kenya ni etakenya.go.ke, ya viza ya Tanzania ni visa.immigration.go.tz. Ziandike kwa mkono. Angalia mwisho wa anwani uwe .go.ke au .go.tz na usiwe na nukta na maneno mengine baada yake.

Barua ya kudai

Sasa nifike kwenye kitu nilichokifanya mimi. Niliiandikia barua pepe kampuni niliyonunulia tiketi, hapa hapa Uingereza. Mama hakuwa amekanyaga nchi hii wakati ule, na hapo ndipo wengi wanapokosea: kampuni iliyoko Uingereza inabanwa na ile sheria ya kulinda data kwa kila mtu ambaye inashika taarifa zake, awe Leeds au Tanga. Haijali uraia wala kibali cha kukaa. Mama alisaini karatasi fupi ya kuniruhusu nidai kwa niaba yake, nikaiambatanisha.

Maneno yenyewe ni mepesi, yatafsiri kwa lugha ya kampuni: "Naomba nakala ya taarifa zote mnazozitunza kunihusu, majina ya wote mliowapa, mlizipata wapi, mnazitumia kwa kazi gani na mtazitunza kwa muda gani." Weka namba ya buking na tarehe. Hawaruhusiwi kukutoza kwa ombi la kawaida kama hili, na wana mwezi mmoja kujibu. Wakisema jambo ni zito wanaweza kuongeza miezi miwili, lakini lazima wakwambie ndani ya mwezi wa kwanza. Wakitaka kitambulisho, funika kwenye nakala kila kisichohitajika kukutambua.

Jibu lilikuja siku ya 27. Picha ya pasipoti ya mama ilikuwa bado ipo. Namba yake ya simu ilikuwa imepelekwa kwa wakala wa jumla ambaye sikuwahi kumsikia. Kama ndipo ilipovujia siwezi kuapa, lakini nilidai ifutwe kila mahali, nao wakathibitisha kwa maandishi. Walichobakiza ni kumbukumbu za malipo, ambazo sheria ya kodi inawataka wazitunze miaka 6. Wangekaa kimya, ningepeleka malalamiko ICO, ambako hulipi chochote. ICO haikupi fidia, hilo ulijue mapema, lakini kampuni haipendi kuandikiwa nayo.

Aliye nchi nyingine ya Ulaya ana haki hizo hizo kwa mamlaka ya nchi yake. Marekani haina sheria moja ya taifa, ila wakazi wa California wana yao tangu Januari 2020, na kampuni zinazohusika nayo hupewa siku 45 kujibu. Na kama uliyemlipa yuko nyumbani, usidhani hakuna pa kwenda. Kenya ina sheria tangu 2019 na Kamishna wa Data jijini Nairobi anayepokea malalamiko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Uganda ina yake ya 2019, Rwanda ya 2021, na walio Muscat wanayo ya Oman ya 2022.

Barua hiyo inachukua dakika kumi na tano. Nimeshaiandika mara tatu tangu hapo, kwa kampuni tatu, na kila mara nimekuta kitu ambacho hakikupaswa kuwepo.

Kwa upande wa mama tuliweka neno. Ni jina la mti uliokuwa uani kwa bibi, ulishakatwa zamani na haumo kwenye picha yoyote. Anayempigia kuhusu safari, tiketi au mzigo, hata akijua majina yote matatu na namba ya kiti, anaulizwa mti. Nawe chagueni lenu, mkabidhiane kwa mdomo mkikutana, lisiandikwe popote.