SOMO: Mota ya geti shambani, kuanzia reli hadi rimoti

Wadau, naandika mara moja ili nikiulizwa tena nitume linki nikalale. Somo hili ni la geti la chuma la kuslaidi, upana wa mita 4 hadi 6, kwenye shamba ambalo nyumba iko mbali na barabara. Geti la bawaba lina mambo yake, sitaligusa hapa.

1. Sukuma geti kwa mkono. Mtoto wa darasa la tano aweze kulipeleka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Likikwama popote, muite fundi wa kuchomelea kwanza. Mota haitibu geti bovu, inalivumilia tu hadi gia ziishe.

2. Kadiria uzito. Bati la chuma la mm 2 lina karibu kilo 16 kwa kila mita ya mraba. Ongeza fremu na magurudumu, kisha nunua mota iliyoandikwa mara moja na nusu ya hapo au zaidi. Shambani kuna mchanga kwenye reli na upepo unaosukuma bati zima.

3. Chomelea vizuizi vya chuma pande zote mbili. Lazima. Sumaku ya kikomo, ile inayoiambia mota isimame, ikifeli, kizuizi ndicho kinachobaki. Geti linalopita mwisho wa reli linadondoka, na geti la kilo 300 likimdondokea mtu halimbakishi.

4. Mwaga zege la kukalia mota. Sentimita 40 kwa 40, kina 50, liinuke juu ya ardhi kama sentimita 10 ili maji ya masika yasiingie kwenye boksi. Weka mabomba ya waya KABLA ya kumwaga: moja la umeme mkubwa, jingine la waya za swichi na za macho (vile vihisi viwili vinavyoona kitu kikipita getini). Usizichanganye.

5. Umeme. Hapa ndipo kazi nyingi ninazoitwa kurekebisha zimeharibikia, kwa hiyo tulieni.

Mota nyingi za siku hizi ndani yake ni volti 24. Mtu anaona "24" kwenye boksi, anaweka transfoma na betri sebuleni ambako ni salama, kisha anavuta waya wa mm 2.5 za mraba hadi getini mita 120. Siku ya kwanza taa ya mota inawaka, kila mtu anapiga makofi. Geti halitembei.

Pigeni hesabu. Mita 120 kwenda na 120 kurudi ni 240. Shaba ya ukubwa huo, kwa urefu huo, ina ukinzani wa kama omu 1.65. Mota ikivuta ampea 5 unapoteza volti 8 njiani, inabaki 16. Na wakati wa kuanza kusukuma inavuta zaidi ya hapo. Taa haikwambii chochote kwa sababu inavuta kidogo mno.

Waya uleule ukibeba volti 230 hadi getini, na transfoma ikakaa ndani ya mota, ampea hazifiki 2. Unapoteza kama volti 3 kati ya 230. Mota haitajua.

Kwa hiyo njia ni mbili tu:

– Peleka 230 hadi getini kwa kebo ya kuzikwa yenye koti la chuma, kina sentimita 50 au 60, na tofali juu yake kwa ajili ya jembe. Sakiti breka yake pekee ndani ya nyumba, na ya kukata umeme unaovuja iwepo. Fimbo ya ethi getini. Kinga ya radi weka ncha zote mbili, maana kebo ndefu inaokota radi hata ikipiga shamba la jirani. Kazi hii afanye fundi umeme mwenye leseni, si kijana wa kuchomelea.

– Au achana na nyumba kabisa, funga sola palepale getini. Watu wanahesabu mota tu, wanasahau kwamba bodi inayoongoza mota, risiva ya rimoti na macho vinakula usiku na mchana. Miliampea 60 kwa volti 24 ni kama wati-saa 35 kwa siku, geti likiwa limelala. Kufungua na kufunga mara 15 ni kama 20 tu. Jumla 55. Paneli mbili za volti 12, wati 20 kila moja, ziungwe mfululizo. Betri mbili za 12V 18Ah zinakuvusha siku 3 hadi 4 za mawingu bila kuzinyonya chini ya nusu. Zile ndogo za 7Ah zinazokuja na mota zimewekwa kwa ajili ya umeme kukatika, si kwa kuishi nazo. Kwetu Tanzania elekeza paneli kaskazini, mlalo nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi.

ONYO: usiunge betri mpya na ya zamani pamoja. ONYO la pili: fyuzi ikae karibu na betri, si karibu na mota.

6. Funga mota, kisha reli ya meno, ile inayofungwa kwenye geti na kusukumwa na gia ya mota. Kati ya meno ya reli na gia acha nafasi ya mm 1 hadi 2 kwa urefu WOTE wa geti. Bledi mbili za msumeno wa chuma zikibanwa pamoja ndiyo kipimo chako. Uzito wa geti ukilalia gia, shafti inaisha. Usipake grisi kwenye meno. Inashika mchanga na kugeuka msasa.

7. Sumaku za kikomo, macho, nguvu. Geti lisimame sentimita chache kabla ya kizuizi. Macho yawe kama sentimita 50 kutoka chini. Nguvu weka ndogo kabisa inayosukuma geti, kisha jaribu kulizuia na kipande cha mbao: lirudi. Si mguu wako. Mbao.

8. Rimoti. Fuata kitabu.

---

MASWALI

Kijana wa Chanika: Mkuu somo zuri. Mota ipi nzuri na bei gani?

Mwandishi: Hatua ya 2. Geti lako lina kilo ngapi?

Kijana wa Chanika: Sijui ila ni kubwa.

Mwandishi: Basi na mota iwe kubwa.

Mzee wa Mikorosho: Langu linafunguka nusu linarudi. Fundi kasema bodi imekufa, ninunue nyingine.

Mwandishi: Shikamoo mzee. Usinunue bado. Achia mota kwa ufunguo wake, sukuma geti kwa mkono. Lina uzito pale linaporudi?

Mzee wa Mikorosho: Marahaba. Ndiyo, kuna jiwe limeingia chini ya reli ikanyanyuka.

Mwandishi: Bodi yako nzima, mzee. Ilikuwa inafanya kazi yake.

Fundi Halisi: Mimi nimevuta 2.5 mita 100 na geti linafanya kazi mwaka wa pili. Acha kutisha watu.

Mwandishi: Umevuta volti ngapi?

Fundi Halisi: 230.

Mwandishi: Ndicho nilichoandika. Soma tena hatua ya 5 kabla ya kunisahihisha.

Mama Kuku Kisarawe: Habari za kazi kaka. Natumia sola. Asubuhi napima 25.2, lakini geti likianza tu inashuka 18 na bodi inajizima. Paneli inachaji vizuri. Nianzie wapi?

Mwandishi: Nzuri dada, na asante kwa kuja na vipimo. Pima tena mtu akiwa anafungua geti, mara mbili: kwanza kwenye vichwa vya betri vyenyewe, kisha kwenye bodi. Betri ikibaki 24 na bodi ikaonyesha 18, volti zinapotelea kati: fyuzi iliyolegea, kutu kwenye ncha, au waya mwembamba. Sehemu zote mbili zikionyesha 18, betri imechoka. Hapo pima kila betri peke yake geti likisukuma. Mara nyingi moja inaanguka hadi 7 na mwenzake anabaki 11 na kitu. Badilisha zote mbili.

Mama Kuku Kisarawe: Ni betri moja, 6.8! Lakini kwa nini ikiwa imetulia inaonekana nzima?

Mwandishi: Kwa sababu mita ya kupimia volti haivuti kitu. Betri iliyochoka bado ina volti, ila ukinzani wake wa ndani umepanda. Ukiidai ampea nyingi volti zinaishia ndani yake yenyewe. Ni hesabu ileile ya waya wa mita 120, ila safari hii waya uko ndani ya betri. Hiyo iliyobaki nzima usiitupe, itawasha taa ya banda.

Jirani wa Kitengela: Salamu kutoka Kenya. Huku udongo ni ule mweusi, ukinyesha unavimba, ukikauka unapasuka. Zege la sentimita 50 litatosha kweli?

Mwandishi: Halitatosha. Zege litapanda na kushuka, na nafasi yako ya mm 2 itapotea msimu wa kwanza. Chimba mpaka uupite udongo mweusi. Kama ni mrefu sana, ondoa wa kutosha ujaze changarawe iliyoshindiliwa. Muhimu zaidi, msingi wa mota na wa reli uwe zege moja lenye nondo, ili vikisogea visogee pamoja.

Jirani wa Kitengela: Asante sana. Hapo kwa kusogea pamoja sikuwa nimefikiria.

Mdau wa Mlandizi: Umeme ukikatika je?

Mwandishi: Betri. Au ufunguo wa kuachia mota. Mlinzi awe nao mmoja.

Mdau wa Mlandizi: Na sisimizi? Wamejaa ndani ya boksi, napuliza dawa kila wiki.

Mwandishi: Acha kupuliza dawa kwenye bodi, utaua bodi kabla ya sisimizi. Wanapanda kupitia bomba la waya. Safisha kwa brashi kavu umeme ukiwa umezimwa, ziba mdomo wa bomba kwa silikoni, na dawa paka nje kuzunguka zege. Mijusi pia inapita hapohapo.

Mama Kuku Kisarawe: Niongezee moja: langu lilikuwa linagoma kila jioni kama saa kumi na moja na nusu. Kumbe jua la kuzama lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye jicho.

Mwandishi: Sahihi kabisa. Macho yako mawili, moja linatuma na moja linapokea. La kupokea ndilo linalopofushwa. Badilishana nafasi, la kupokea lilipe jua la jioni kisogo.

Kijana wa Chanika: Mkuu nimepima, mita 5 kwa 2, bati mm 2. Napata kilo 160 bila fremu.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Fremu na magurudumu vikiongeza 100, uko 260. Tafuta ya kilo 400 au zaidi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama ana gia na bodi za akiba za modeli hiyo dukani, na akuonyeshe.