Mbwa wa shambani hatoshwi na ugali wa pumba

Mfugaji anayempimia ng'ombe mashudu na kumnunulia kuku chakula cha kutagia, mara nyingi mbwa humpikia ugali wa pumba tu, jioni hadi jioni. Mbwa huyo huyo ndiye anayetegemewa kulinda zizi usiku kucha. Akikonda na manyoya yakawa makavu na kunyonyoka, nyumba nzima inasema ana minyoo. Inawezekana anayo, lakini dawa ya minyoo haitaleta protini ambayo hajawahi kupewa.

Ugali wenyewe si kosa. Mbwa anameng'enya wanga vizuri ukiiva. Tatizo ni kwamba mbwa mzima anahitaji protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula kikavu, na anayekua zaidi ya asilimia 22, wakati unga wa mahindi una asilimia 8 au 9 hivi. Pengo hilo lazima lizibwe, na kwa wengi wetu kitu cha kulizibia kwa bei nafuu ni dagaa.

Kwa mbwa wa kilo 15 hivi, chakula cha siku nzima kinaweza kuwa kikombe kimoja cha unga, gramu 100 za dagaa wakavu na kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya alizeti. Dagaa waoshwe kwanza. Watie kwenye beseni la maji, wakoroge kwa mkono, watoe, kisha uangalie chini: mchanga utauona umetulia pale. Rudia mpaka maji yabaki safi. Wakiwa wa chumvi, waloweke na umwage maji yake. Wachemshe, kisha songa ugali humo humo kwenye supu yao, ukiongeza mchicha au boga kidogo. Dagaa huliwa na mifupa yake, kwa hiyo kalsiamu inapatikana. Siku ukitumia nyama isiyo na mfupa, ongeza nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini. Mgawie mara mbili, asubuhi na jioni, na maji safi yasikosekane.

Sasa pumba. Hapa naomba tusikilizane kabisa. Mahindi yaliyoota ukungu ghalani hutengwa, halafu mtu anasema "hayo tumsagie mbwa". Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Ni sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Tena pumba hubeba sumu nyingi kuliko sembe iliyokobolewa kutoka mahindi hayo hayo. Mbwa aliyeathirika hukataa chakula, hutapika, ufizi na weupe wa macho hugeuka manjano, na wengi hufa. Mahindi yenye ukungu yateketezwe, yasilishwe mnyama yeyote.

Machinjioni kuna hatari nyingine. Maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe yakiwa na mifuko ya maji, hiyo ni hatua mojawapo ya mnyoo tegu anayekomaa tumboni mwa mbwa. Mbwa akila yakiwa mabichi, mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi chake, na mtoto anayecheza naye anaweza kuyameza na kuota mifuko hiyo hiyo kwenye ini lake. Turkana na maeneo ya Wamasai wanaujua ugonjwa huu vizuri. Maini na mapafu ya namna hiyo yachomwe au yafukiwe mbali chini. Nyama nyingine za ndani zichemshwe angalau nusu saa, na ini liwe kipande kidogo tu, kwa sababu vitamini A ikizidi inaumiza mifupa.

Mabaki ya mezani yachunguzwe. Mchuzi wenye vitunguu maji au saumu huharibu chembe nyekundu za damu, zabibu kavu za kwenye pilau huua figo, na mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Chokoleti ni sumu pia.

Mtoto wa mbwa aliyeachishwa kunyonya alishwe mara tatu au nne kwa siku hadi afikishe miezi sita, na dagaa waongezwe kuliko unga. Jike anayenyonyesha anaweza kuhitaji mara mbili ya kawaida yake, hata zaidi watoto wakiwa wengi.

Vipimo hivi ni vya kuanzia. Kila wiki mbili pitisha kiganja ubavuni mwa mbwa: mbavu zihisike bila kubonyeza, lakini zisionekane kwa mbali. Zikionekana, ongeza, usipozihisi, punguza unga kabla ya dagaa. Ukibadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kwa wiki moja asije akaharisha. Akilishwa hivi kwa mwezi mzima na bado anakonda, mpeleke kwa daktari wa mifugo, na umbebee kinyesi cha asubuhi hiyo kwenye kichupa safi.