Umeme ukikatika Houston baada ya kimbunga: kwa familia zetu zilizofika karibuni

Ninawaandikia hasa ndugu zetu waliofika Houston kutoka kambi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, na wale waliotoka moja kwa moja Kivu. Tumekulia mahali ambapo umeme hukatika bila hodi, ndiyo maana wengi wetu hatushtuki taa zikizimika. Hapa mshtuke. Nyumba za huku zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi: kuta zimezibwa, hewa haipiti, na ghorofa ya juu inapigwa na jua mchana kutwa. Kimbunga Beryl kiliingia nchi kavu karibu na Matagorda tarehe 8 Julai 2024, na upepo wenyewe ukapita siku ileile. Lakini nyumba na biashara zaidi ya milioni 2 zilibaki gizani, nyingine kwa siku nyingi, katikati ya joto la Julai. Kuna waliokufa kwa joto na kwa sumu ya jenereta wakati mbingu zimeshatulia.

Kwa hiyo naanza na makala, yaani mkaa. Mama yangu, usiwashe mbabula (jiko la makala) ndani, hata dirisha likiwa wazi, hata kama ni chai ya mtoto tu. Kwetu tulipikia nje au chini ya bati lenye mianya. Apatimenti haina mianya. Makala yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu: kichwa kinauma, usingizi unakuja, na anayelala huenda asiamke. Kwenye baraza la ghorofani pia hapana. Shuka uwanjani, mbali na kuta. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kila mlango na dirisha, lako na la jirani. Gari lisiachwe likinguruma ndani ya gereji kwa ajili ya kuchaji simu. Nunua kengele ya kaboni monoksidi yenye betri. Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, kisha pigeni 911, namba ya dharura.

Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba. Kimbunga kikitangazwa, jaza mafuta ya gari na utoe pesa taslimu, maana duka lisilo na umeme halipokei kadi. Weka maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Zile bidoni za njano ambazo wengi bado tunazo zioshwe na zijazwe. Bafu nalo lijazwe, maji hayo ni ya choo. I-94 (hati ya kuingia nchini), kadi ya kijani, kadi za Social Security na vyeti vya watoto viingie kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri.

Najua frizari zetu zina nini: sombe, samaki, nyama ya mbuzi iliyonunuliwa kwa kuchangiana. Chakula hicho kimegharimu jasho, nami sitaki kitupwe bure. Gandisha chupa za maji na uzibe kila nafasi iliyobaki. Frizari iliyojaa hukaa na baridi kama saa 48 ikiwa haifunguliwi. Iliyo nusu, saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu, kwa hiyo maziwa na mboga iliyopikwa viliwe kwanza. Gandisha pia kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Ukikuta sarafu imezama, kilichomo kimeyeyuka kikagandishwa upya. Nyama hiyo usiile hata kama hainuki. Ndagala kavu, karanga na maharage ya kopo havihitaji friji, na watoto wanavila.

Joto likizidi nyuzi 35, feni ya betri haisaidii tena. Loweka kitenge, jifunike shingo na kichwa, oga maji baridi, lala chini sakafuni. Zaidi ya yote, usione aibu kuondoka. Piga 211, namba ya taarifa na misaada, uulize kituo cha kupumzikia chenye kiyoyozi kilicho karibu, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Mzee akianza kusema maneno yasiyoeleweka, ngozi ikiwa ya moto, hiyo ni 911, tena haraka. Insulini mwulize mfamasia wako mapema inavumilia joto kiasi gani, na siku ngapi nje ya friji.

Waya ulioanguka usiusogelee, wala usivuke maji kwa gari. Sentimita 30 za maji zinatosha kuelesha gari dogo. Taa za kuongozea magari zikizimika, kila gari linasimama kabisa kabla ya kupita.

Kabla ya kutupa kilichooza, kipige picha. Kama unapata chakula kwa kadi ya SNAP (msaada wa chakula wa serikali), piga 211 ndani ya siku 10 uombe kilichoharibika kifidiwe. FEMA, shirika la serikali kuu la kushughulikia maafa, nayo ikifungua msaada, wakimbizi wana haki ya kuomba, na fomu haina malipo. Anayetaka pesa ili akujazie ni mwizi.

Mwenye mgonjwa wa oksijeni au mzee asiyeweza kutembea amwandikishe mapema kwenye orodha ya STAR, yaani orodha ya Texas ya wanaohitaji msaada wakati wa dharura, kwa namba hiyohiyo ya 211. Orodha hiyo huandikishwa upya kila mwaka, basi piga kabla Juni haijaingia.