Kumzoesha mtoto mdogo kazi za nyumba: anza na mchele

Wifi yangu wa Langoni ana kijana wa miaka minne ambaye akiona ufagio hukimbilia barazani. Haya ndiyo niliyomwelekeza mamake. Yanafaa kwa watoto wa miaka mitatu hadi saba hivi.

1. Wakati
Asubuhi ya siku isiyo na shule, akiwa ameshakunywa chai. Aliyetoka chuoni (madrasa) na njaa usimwite.

2. Kufagia
Fagio la chelewa likichakaa usilitupe. Likate nusu, lifunge upya kwa kamba, hilo litakuwa lake. Mafagio ya plastiki ya dukani siyataki: mpini humshinda mtoto urefu, na mwisho huwa silaha ya kupigana na nduguye. Nyunyiza maji uani, kisha mwekee mpaka: "Kutoka mlangoni hadi penye birika." Ukimwambia "fagia nyumba" hajui pa kuanzia wala pa kukomea.

3. Kuchagua mchele
Kwangu hii ndiyo kazi bora ya mtoto, kwa kuwa anatulia mahali pamoja na macho yake ni makali kuliko yetu. Ukiipanga vibaya, lakini, itakula asubuhi nzima.

Mketishe mkekani, uteo (ungo) uwe chini mbele yake, si mapajani. Chafya moja tu na mchele wote umekwenda. Nasema uteo, si sinia. Sinia huteleza, na likigongwa punje huruka. Mtilie ukufi mmoja, yaani kiganja kimoja, akimaliza umwongeze. Ukimmiminia kibaba kizima atauangalia tu, kisha aondoke zake.

Mtafutishe kitu kimoja: chuya. Ina ganda la kahawia, haimpotei. Usimwambie "toa uchafu", maana atatoa na chenga, zile punje zilizovunjika, na chenga ni chakula. Vijiwe vyeupe viache, utavishughulikia mwenyewe. Chuya zote ziingie kikombeni, aone zinavyoongezeka.

Wakiwa wawili, kila mmoja na uteo wake, na usiwashindanishe: anayeachwa nyuma atachota mchele mzuri ajazie kikombe. Aliye chini ya miaka mitatu mimi simpi kabisa, kwani punje huishia puani au sikioni.

Akikuletea uteo, usiuchague tena mbele yake hata ukiona chuya zimebaki. Mwambie "ahsante baba," uende nao jikoni. Ukiosha, chuya nyepesi zitaelea, uzimwage. Kisha mimina mchele pamoja na maji kidogo kidogo kwenye bakuli la pili. Vijiwe hubaki chini. Hata ungeuchagua wewe ungefanya hivyo hivyo. Akikuona unarudia kazi yake, kesho atakwambia "si utafanya wewe?"

4. Vyombo
Vikombe vya plastiki na vijiko, beseni la maji, kipande cha dodoki. Sufuria zenye masizi zingoje akue.

5. Nazi
Kila mtoto anataka kukalia mbuzi ya kukunia nazi. Mkatalie, hata akilia. Meno yale hukata kidole kabla hujageuka. Kuna wanaowaruhusu wakiwa na miaka sita, mimi simo. Mpe kazi ya kutia maji na kukamua machicha juu ya chujio. Tui la kwanza kamua wewe, la pili mwachie yeye: likimwagika, hasara yake ni ndogo.