Kabla Hujachomelea Fremu ya CNC ya Kukata Chuma

CNC ni mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta. Lakini mota na kompyuta ziache kwanza. Fremu ikilegea, mashine itaacha mawimbi juu ya chuma hata ukinunua mota ya bei gani.

Mbao: hapana. Aluminiamu ni nyepesi na hutoboka kwa urahisi, lakini kwa umbo na mzigo ule ule hupinda karibu mara 3 zaidi ya chuma. Hapa Lubumbashi bomba la mraba la chuma linapatikana, basi chukua pana. Unene wa ukuta ukiwa sawa, bomba la mm 100 ni gumu karibu mara 8 kuliko la mm 50. Ukikuta meza ya chuma cha kumwaga kwenye mashine kuukuu, usiipite. Inameza mtetemo kuliko bomba lolote.

Sasa kuchomelea. Fremu yangu ya kwanza niliichomelea Kampemba, hapa hapa Lubumbashi, kwa siku moja, nikamaliza upande mmoja wote ndipo nikageuza. Kwa macho ilikuwa imenyooka. Nikalaza rula ya chuma pale itakapokaa reli, yaani njia ambayo kigari cha mashine huteleza juu yake: katikati, karatasi 9 za daftari zikapita chini yake. Karibu mm 1! Nikasema bolti zitaivuta. Zilivuta kweli, ila reli ndiyo iliyofuata mpindo wa fremu. Kigari kilikuwa kikiteleza vizuri, kikifika katikati kinakaza kama kimeshikwa na mkono. Baada ya wiki gololi za ndani ya kigari zikaanza kusaga. Reli 2 na vigari 4, vyote vya kutupa. Papa mmoja mchonga vyuma akapitisha kidole juu ya reli, akaniambia: «Mwanangu, chuma ulichokichoma bado kinavutana ndani.»

Kwa hiyo shikiza pembe zote kwa vidoto vya kuchomelea kwanza, kisha choma vipande vifupi ukibadilisha pande, na uache kipoe. Kila kitu kichomelewe, hata miguu na vishikio vya mota, kabla ya kusawazisha mahali pa reli. Ukipata tanuru, pasha fremu hadi nyuzi 600 hivi za Selsiasi, saa 1 kwa kila mm 25 za unene, ipoe humo humo polepole. Halafu peleka ikachongwe sehemu za reli zote kwa mfungo mmoja, yaani bila kuifungua fremu na kuifunga upya kwenye mashine.

Ukijaza mchanga ndani ya bomba ili kupunguza mtetemo, uwe mkavu kabisa, la sivyo kutu italila kutoka ndani. Paka rangi kabla mvua za Novemba hazijaanza. Waya wa ardhi usisahau, na bolti zikaze upya baada ya siku chache za kazi. Miwani pia, hata kwa kukata kidogo tu.