Ukiulizwa "vipi, umepona?" baada ya matibabu ya kansa ya titi

Siku niliyopigwa mionzi ya mwisho nilirudi nyumbani nikakuta meseji kibao na zote zinauliza kitu kimoja, vipi umepona? Nikakaa na simu mkononi sijui niandike nini, manake hata daktari mwenyewe hakulitumia hilo neno, yeye alisema matibabu tumemaliza, vipimo havionyeshi ugonjwa, tuonane baada ya miezi mitatu. Mwisho nikawajibu wote "nimepona kabisa, asanteni kwa maombi". Hilo neno kabisa lilinisumbua mwaka mzima. Nikilala mchana kwa uchovu watu wanashangaa, si ulisema umepona? Ilipofika ile miezi mitatu mama akaniona najiandaa kwenda hospitali akaanza kulia, alijua imerudi, kumbe ni kliniki ya kawaida tu. Nilikuwa nimewafungia mlango mwenyewe, hofu yote nikabaki nayo peke yangu. Haya ninayoandika ni yale ambayo natamani mtu angenikalisha chini akaniambia siku ile.

Kwanza ijue hali yako wewe mwenyewe kabla hujaanza kuwaeleza wengine. Kliniki ya mwisho usitoke hadi umeuliza, daktari, hali yangu kwa sasa tunaiitaje? Wengi watakuambia "hakuna dalili ya ugonjwa", yaani kwa vipimo vilivyopo na kwa kukupapasa hawaoni kitu. Hawasemi umepona moja kwa moja kwa sababu kunaweza kubaki seli chache ndogo mno ambazo hakuna skani ya kuziona. Si kwamba wanakuficha jambo. Na inategemea na aina, ile inayolishwa na homoni inaweza kurudi hata baada ya miaka 5 au 10 na zaidi, wakati ile isiyo na hata kimoja cha vile vipokezi vitatu vinavyopimwa (vya estrojeni, projesteroni na HER2, yaani vishikio kwenye seli vinavyoisaidia kansa kukua), wanayoiita hasi tatu, hatari yake kubwa iko miaka ya mwanzo halafu inashuka sana ukishavuka mitano. Kwa hiyo ya jirani yako usiifanye kipimo cha yako.

Omba pia karatasi yenye muhtasari wa matibabu: aina ya kansa, hatua iliyokutwa, upasuaji gani, tezi ngapi zilitolewa kwapani, dawa gani za dripu, mionzi upande gani. Utadhani utakumbuka, hutakumbuka, mimi kichwa changu baada ya kemo, zile dawa kali za dripu za kuua kansa, hata namba yangu ya simu ilinipotea siku moja dirishani benki. Hiyo karatasi itakusemea hata miaka 10 mbele, manake kuna dawa kama doksorubisini na trastuzumabu ambazo zinaweza kugusa moyo, sasa ukienda kwa daktari mwingine unalalamika pumzi inakata ni lazima ajue uliwahi kuzipata. Na mwambie nesi mapema ni upande gani ulitolewa tezi, kabla hajakushika mkono atoe damu au apime presha, mweleze kama mkono una tabia ya kuvimba.

Sasa tengeneza sentensi yako. Moja tu, ya kweli, fupi, unayoweza kuitamka ukiwa umesimama kwenye foleni bila kutokwa na machozi. Yangu ni hii: "Matibabu makubwa nimemaliza, vipimo vya sasa havionyeshi ugonjwa, naendelea na vidonge na kliniki." Iangalie vizuri. Kipande cha kwanza kinampa mtu furaha anayoitafuta, cha pili ni kweli tupu na hakiahidi kesho, cha tatu kinamwandaa asishtuke akikuona na dawa au na kadi ya hospitali. Itamke kwa sauti ukiwa peke yako mara nyingi tu. Mara ya kwanza itakukwama kooni, ni kawaida.

Hivyo vidonge vitakuletea maswali. Kama kansa yako ni ya homoni utameza tamoksifeni au vya jamii nyingine kwa miaka 5, wengine mpaka 10, na mtu akiona anasema kumbe bado unaumwa. Mwambie hivi, vidonge hivi vinazuia homoni ya estrojeni isije ikalisha seli kama kuna iliyobaki, ni kinga, si kwamba ugonjwa upo. Vilevile watakuuliza mbona hupigwi skani kila mwezi, hao madaktari wamekutelekeza? Hapana. Mtu asiye na dalili hahitaji skani za mara kwa mara, utaratibu wa kawaida ni kuonwa na daktari kila baada ya miezi 3 hadi 6 kwa miaka mitatu ya mwanzo, halafu inakuwa miezi 6 hadi 12, baada ya mwaka wa tano mara moja kwa mwaka, na mamogramu, yaani picha ya eksrei ya titi, kila mwaka kwa titi lolote ambalo halikutolewa lote. Ukilielewa hili wewe mwenyewe hutayumbishwa na kila anayekuja na ushauri.

Wenzangu ambao kansa ilishasambaa, nyie mnajua hakuna kitu kinaitwa kumaliza matibabu, na inauma sana mtu akikupongeza kwa jambo ambalo halijatokea. Sentensi yenu inaweza kuwa "ugonjwa upo ila umetulia, dawa inafanya kazi, nitaendelea nayo muda wote inaponisaidia". Msilazimishwe kusema zaidi ya hapo.

Halafu amua nani anapata nini, manake si kila anayeuliza anastahili faili zima. Mtu wa kukutana naye njiani ile sentensi inamtosha, na unaruhusiwa kabisa kusema "naendelea vizuri" ukapita zako. Kazini mweleze bosi kile kinachogusa kazi tu, tarehe za kliniki, kwamba uchovu unaweza kuchukua miezi mingi, kama vidole vina ganzi basi kazi ya kuchapa itakuwa taratibu. Na usiseme "nachoka", kila mtu anachoka. Sema "saa nne asubuhi niko sawa, ikifika saa nane mchana siwezi tena kusimama, nahitaji kukaa nusu saa". Hapo mtu anaelewa anakusaidiaje.

Watoto ndio walinipa shida kuliko wote. Nilidhani nikikaa kimya nawalinda, kumbe wanasikiliza simu zangu nyuma ya mlango wanajaza wenyewe yale wasiyoyasikia. Mdogo alikuwa anaogopa kunywa maji kwenye kikombe changu. Kwa hiyo waambie wazi kwamba haiambukizi, na kwamba haikuja kwa sababu ya kitu walichofanya au walichosema, hata kama hawajauliza. Halafu kwa maneno madogo, "madaktari waliitoa, nikapewa dawa kali, sasa hivi wakiangalia hawaioni, nitaendelea kwenda kuangaliwa". Akikuuliza mama utakufa? usikimbilie kusema siwezi kufa. Mimi nilijibu "sasa hivi sifi na hii, na kukiwa na jambo jipya nitakuambia mimi mwenyewe, hutasikia kwa mtu mwingine". Hiyo ahadi ya mwisho ndiyo iliyomtuliza, tangu siku hiyo hakurudi tena nyuma ya mlango. Lakini ukiitoa lazima uitimize hata kama inakuchoma.

Mume au mpenzi ana maswali ambayo hayaulizi. Anaogopa kukugusa asije akakuumiza, wewe unaona hakutaki tena, mnalala mmepeana migongo kila mtu na lake. Anza wewe, ila si kitandani, chagua muda mmetulia, hata mkiwa mnatembea, inasaidia msipotazamana usoni. Mwambie kovu linauma wapi na wapi haliumi, mwambie dawa za homoni zinakausha uke na kupunguza hamu na wala si yeye, na kwamba kuna vilainishi na kuna cha kumuuliza daktari, usijinunulie krimu yenye homoni bila kumuuliza. Kama mnawaza mtoto mzungumze mapema, ukiwa unameza tamoksifeni hutakiwi kushika mimba, lakini baadhi ya wanawake daktari huwasimamisha dawa kwa muda ili wajaribu, kwa hiyo lipeleke kliniki kabla hamjaamua wenyewe kwamba haiwezekani. Na kama uhusiano ni mpya, maoni yangu ni haya, si lazima siku ya kwanza, ila mwambie kabla hajaona, manake mshtuko wa usoni hata kama ni wa sekunde moja utaubeba muda mrefu.

Ndugu wa damu ni suala jingine, hapa siri yako si yako peke yako. Kati ya kansa za titi, asilimia 5 hadi 10 zinatokana na jeni ya kurithi, zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2. Ukipimwa ukakutwa nayo, kila mtoto wako ana nusu kwa nusu ya kuirithi, na dada na kaka zako nao wanatakiwa kujua, ndio, kaka pia, mwanaume anaibeba na anaipitisha kwa watoto wake. Hata usipopimwa, umri uliougua na aina ya kansa ni taarifa ambayo daktari wao ataihitaji. Usiitupe kwenye grupu la familia usiku halafu ukazima data. Mpigie mmoja mmoja, mwambie nina jambo la kiafya linalokuhusu na wewe, si la kukutisha, unaweza kwenda kuongea na daktari kuhusu vipimo. Kuna atakayekasirika, dada yangu alininunia wiki tatu, halafu akaenda mwenyewe.

Atakayekuambia "hata fulani walisema amemaliza ikarudi akafa", wapo wengi sijui kwanini, mkatishe mapema, "samahani, hiyo habari sitaki kuisikia". Basi. Huna deni la kumsikiliza hadi mwisho.

Kwa daktari ni kinyume cha wote hao, yeye usimpe sentensi fupi, mpe yote. Kuna watu wanaficha maumivu kwa kuogopa jibu, nilifanya hivyo kwa mgongo nikateseka bure wiki kadhaa. Kitu kipya kikikaa zaidi ya wiki mbili kiseme, uvimbe kwenye titi, kovu au kwapa, maumivu ya mfupa yasiyoisha, kikohozi, maumivu ya kichwa yasiyotulia, uzito unashuka bila sababu. Kubanwa pumzi hiyo usiihesabie wiki, nenda siku hiyohiyo. Andika kilianza lini, kinazidi au kinapungua, uende na hiyo karatasi.

Na zile siku za kusubiri majibu, ambazo ndizo ngumu kupita zote, huna haja ya kujifanya mzima. Mimi huwa nawaambia watu wawili tu, dada yangu na rafiki mmoja, nawapa siku ambayo majibu yatatoka na tunakubaliana kwamba nitapiga mimi, simu isipoita wasinitafute, wajue bado nimekaa nayo nitawapigia kesho yake.