Marekani nyuma, kaniki ubavuni: ninavyopiga picha za glasi

Kazi yangu ya kwanza ya glasi niliipata kwa mama mmoja anayeuza juisi ya rozela. Nilikuwa nimetoka kwenye harusi, miaka sita ya mabibi harusi na keki, nikajisemea glasi ni kazi ndogo: haipepesi macho, haichelewi saluni. Nikaiweka mezani, nikaipiga flashi ya uso. Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye msaidizi wangu, akainama kwenye kioo cha kamera.

"Shangazi, mbona umo ndani ya glasi?"

Nilikuwamo kweli. Fulana nyekundu, kamera usoni, feni ya ukutani na nusu ya mlango.

Bibi harusi ukimmulika anaonekana. Glasi ukiimulika inakuonyesha wewe. Mwanga mwingi unaipita tu. Unaorudi ni kidogo, kama asilimia 4 kwa kila uso wake, na hicho kidogo kinatosha kuchora feni na mabawa yake yote. Kwa hiyo iache glasi yenyewe. Shughulika na kilicho nyuma yake na kilicho ubavuni, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyovaa.

Nenda duka la vitambaa ununue mita mbili za marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, na mita tatu za kaniki, kile cheusi. Sisemi kwa sababu ya ubahili, ingawa na ubahili upo. Marekani inatawanya mwanga vizuri sana, na kaniki inaumeza. Ifue marekani kwanza wanga utoke, uipige pasi, maana mkunjo mmoja ukibaki utaonekana katikati ya juisi kama ufa. Ina unjano kidogo kwa asili, hivyo pima rangi nyeupe ya kamera juu ya kitambaa chenyewe, usitumie ile ya kujipima. Mimi yangu imewambwa kwenye fremu ya mbao ya sentimita 100 kwa 70 niliyochongewa na fundi seremala.

Glasi ikae mezani, fremu nyuma yake kwa kama sentimita 60, na flashi nyuma ya fremu zikitazama kitambaa. Mbele hakuna taa yoyote. Sasa chungulia kwenye kamera. Marekani inatakiwa ijae kwenye picha na iishie pale picha inapoishia. Ikizidi sana kwa pembeni, kingo za glasi zinafifia, na utabaki na juisi nyekundu inayoelea hewani bila chombo. Hapo ndipo kaniki inapoingia. Itundike kulia na kushoto, isogeze ndani polepole mpaka uione ikiingia kwenye picha, kisha irudishe nyuma kidogo tu. Utaona mstari mweusi ukijichora kwenye ukingo wa glasi, kutoka mdomoni hadi kitakoni, kama mtu kaupaka wanja.

Sababu yake ni ule mviringo. Mwanga unaopita ukingoni unapinda, kwa hiyo ukingo hauonyeshi kilicho nyuma, unaonyesha kilicho ubavuni. Ubavuni kukiwa na kaniki, ukingo ni mweusi. Kukiwa na dirisha, ukingo ni dirisha. Ukitaka kuamini, weka kiganja chako kando ya glasi ukiwa unachungulia, ukisogeze mbele na nyuma. Dakika tano za mchezo huo zimenifundisha kuliko video zote nilizomalizia bando.

Kuna namna ya kinyume: unatundika kadibodi nyeusi katikati ya marekani, kubwa ya kutosha kujaza picha, na mwanga unazunguka pembeni yake. Glasi inatoka na kingo nyeupe kwenye giza. Ni nzuri kwa chupa tupu ya manukato au glasi yenye nakshi. Kwa juisi siipendi, na vumbi linaonekana kama nyota za Ramadhani.

Rozela ni rahisi kwa sababu mwanga unapita. Juisi ya ukwaju ni nzito, na mwanga wa nyuma unaigeuza tope. Kwa hiyo ya ukwaju kata kadi ndogo yenye umbo la glasi, ipake karatasi ya fedha ya kufungia chakula, uisimamishe nyuma ya glasi kwa kuinamisha kidogo ili irudishe mwanga ndani ya juisi. Kadi ijifiche kabisa. Ikichungulia hata milimita mbili mteja ataiona kabla yako.

Usafi sasa, na hapa sina huruma. Mwanga wa nyuma unaonyesha alama ya kila kidole. Gundi ya stika ya bei inatoka kwa mafuta ya taa kidogo, kisha sabuni, kisha maji yenye siki, kisha kitambaa cha kufutia miwani. Baada ya hapo ishike kwa glavu za pamba. Na juisi iwe ya joto la chumba: kwa unyevu wa Dar es Salaam glasi baridi inapata ukungu kabla hujakohoa. Matone mazuri ya ubaridi unayoyaona kwenye matangazo unayatengeneza kwa glisirini ya duka la dawa, nusu kwa nusu na maji, ukinyunyiza kwa kichupa cha manukato kilichokwisha. Yanakaa saa nzima hayateremki.

Mimi mwenyewe navaa baibui. Nguo nyeusi, haina kifungo cha kung'aa, inafunika mpaka mkono. Sijaona vazi la studio linaloishinda.

Tuje kwenye flashi, maana mteja hakutaka glasi iliyotulia. Alitaka kipande cha ndimu kinaingia na juisi inaruka.

Kosa la karibu kila mtu, na langu, ni kutafuta kasi kwenye shata, lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga. Kamera nyingi zikiwa na flashi zinaishia 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ndimu ikiangushwa kutoka sentimita 30 inafika juisini ikiwa na mwendo wa kama mita 2.4 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya 1/200 imeshasafiri milimita 12. Hiyo si ndimu, ni ukungu wa kijani. Halafu watu wanakimbilia ile hali ya kuruhusu shata ya kasi zaidi, HSS. Inafaa kwa kupambana na jua ufukweni. Kwa kugandisha juisi haikusaidii, kwa sababu flashi inapepesa mfululizo kwa muda wote pazia la shata linapopita mbele ya sensa, na nguvu yake inapungua sana.

Kasi iko ndani ya flashi yenyewe. Hizi flashi ndogo za betri, za kupachika juu ya kamera, zikipunguzwa nguvu hazififii: zinakatwa mapema. Ikiwa nguvu kamili mwako unachukua kama 1/1000 ya sekunde au zaidi, ukiteremsha hadi 1/64 au 1/128 nyingi zinafika karibu 1/20000. Ile ndimu yetu ndani ya muda huo inasogea kama milimita 0.12. Unaweza kuhesabu vinyweleo vyake.

Gharama yake ni giza. Kutoka nguvu kamili hadi 1/128 umepoteza hatua 7 za mwanga, kila hatua ikiukata nusu, kwa hiyo flashi lazima isogee karibu, na ziwe zaidi ya moja. Flashi mbili kwenye 1/64 zinatoa mwanga sawa na moja kwenye 1/32, ila kwa mwako mfupi zaidi. Mimi naanzia hapa: flashi mbili kwenye 1/64, sentimita 50 nyuma ya marekani, wepesi wa sensa ISO 400, tundu la lenzi f/11, shata 1/160. Piga moja bila flashi kwanza. Ikitoka nyeusi tii, uko salama, mwanga wa chumba hauingii kwenye picha. Ukiona chochote, funga dirisha.

Kuna wakati niliazima taa kubwa za studio nikidhani ukubwa ndio ubora. Juisi ikatoka kama pamba. Nikapunguza nguvu, ikazidi kuwa pamba! Nikalaumu kamera, nikalaumu lenzi, nikamlaumu mtoto wa watu. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba taa nyingi za studio za mtindo ule wa zamani zikipunguzwa nguvu mwako wake unarefuka, kinyume kabisa na flashi ndogo. Ukiazima taa, uliza hilo kwanza.

Kuhusu kuwahi tukio: usisubiri kuona maji yakiruka. Jicho hadi kidole vinachukua karibu sehemu ya tano ya sekunde, na ndimu kutoka sentimita 30 inachukua robo sekunde kufika. Kwa hiyo bonyeza unapoona vidole vya msaidizi vinaachia. Picha ikionyesha ndimu bado iko hewani, ateremshe mkono. Ikionyesha juisi imeshatulia, aupandishe. Kidole chako kisibadilishe chochote, kinachobadilika ni kimo cha mkono wake. Lenga kwa mkono kwenye mdomo wa glasi na uzime kujilenga. Siku ile tulipiga picha 83, tukapata nne za kuuza. Glasi unaosha kila mara, na ndimu mpya kila mara, kwa hiyo kata za kutosha.

Baada ya hapo mtoto wa kaka yangu akanogewa. "Shangazi, tuivunje."

Kuvunja ni habari nyingine, kidole hakifai. Hapa chumba kiwe giza kabisa, shata ikae wazi sekunde mbili, na flashi iamshwe na sauti. Kifaa cha kuamsha kwa sauti kinauzwa, au fundi redio anayejua kazi anakutengenezea kwa maiki ndogo. Usimpe tu flashi yako aifungue: ndani kuna kapasita ya volti zaidi ya 300, na inabaki na chaji hata betri zikitolewa.

Raha yake ni kwamba maiki yenyewe ndiyo saa. Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, maana yake kila sentimita 34 unazoisogeza maiki mbali, unachelewesha flashi kwa milisekunde moja. Maiki ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye glasi, unapata glasi iliyopasuka lakini bado imesimama, kama haijapata habari. Isogeze mita 3, vipande vimeshaachana kwa upana wa kidole. Sisi tulifunga uzi sakafuni wenye mafundo kila sentimita 34, tukawa tunahama fundo kwa fundo.

Ufa wenyewe hutaukamata. Kwenye kioo cha kawaida unakimbia mpaka karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya mwako wa 1/20000 umeshapita sentimita 7 na nusu, karibu kimo cha glasi ya chai. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT, yule wa tone la maziwa linalosimama kama taji, picha ya mwaka 1957, alikuwa na mitambo ya mwako mfupi mno kuliko wa kwetu. Flashi za harusi zinakamata vipande, na vipande vinatosha.

Miwani ya fundi kwa kila aliye chumbani, viatu vya kufunika, mikono mirefu. Glasi iwe tupu au na maji kidogo tu, na waya wa umeme usiwe karibu. Hii ni sababu nyingine ya kupenda flashi za betri. Kaniki iliyobaki izungushe meza kama chandarua. Mbele ya lenzi weka kichujio cha kioo unachokubali kukipoteza. Usigonge kwa nyundo tupu: ivalishe soksi, gonga kwenye kitako kutoka pembeni, na mkono usiingie kwenye picha. Kama una glasi za Duralex, hizo zimekazwa kwa joto. Hazigongeki kirahisi, na zikikubali zinamwagika punje kwa mara moja. Glasi nyembamba za kawaida ndizo zinatoa vipande virefu vyenye makali, vinavyometa vizuri kwenye marekani. Ndizo pia zitakazokukata.

Tulivunja kumi na moja. Nzuri ni ya tisa, fundo la nne: mdomo wa glasi bado ni duara kamili, na chini yake hakuna kitu, vipande tu vikianza kugeuka.

Kufagia hakutoshi. Baada ya ufagio kanda bonge la unga wa chapati, uligandamize sakafuni kote, kona kwa kona, mpaka lisitoke tena na kumeta. Liviringishe ndani ya gazeti, lifunge, liandike "vioo", ndipo likae jalalani. Mama wa mtoto alipopita akaniuliza unga wake wa chapati umekwenda wapi.